KUTAFUTA CHUMBA CHA KUPANGA MJINI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WAKAZI WANAOHAMIA KIKAZI



Kila mwaka vijana na watumishi kutoka Kiswere, na kutoka vijiji vingine vya pwani ya Kilwa na Lindi pamoja na visiwa vyake, huondoka kwenda mjini kuanza kazi. Wengi huelekea Dar es Salaam. Wengine hupangiwa Lindi, Mtwara au Dodoma. Safari yenyewe imepungua uzito tangu mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji na abiria wakaacha kungojea kivuko cha Ndundu. Taabu iliyobaki ni ya kufika. Mtu anashuka Mbagala Rangi Tatu na mzigo wake, barua ya ajira ikiwa mfukoni, naye hajui atalala wapi baada ya wiki ya kwanza.

Maelezo haya yametolewa ili kumsaidia mtu huyo. Jambo kubwa ambalo msomaji anaombwa alishike ni kwamba bei ya chumba si kodi ya mwezi mmoja inayotajwa na dalali. Bei ya chumba ni jumla ya fedha zinazotakiwa siku ya kuingia, pamoja na gharama za kuishi humo kila siku. Anayeipiga hesabu ya kwanza na kuiacha hii ya pili ndiye anayemaliza fedha za ufuta au korosho alizochangiwa na wazazi wake kabla hajapokea mshahara wa kwanza.

KWA NINI KODI HAINA KIWANGO

Baadhi ya wazee wetu waliofanya kazi mjini zamani huwaambia vijana kwamba mwenye nyumba akizidisha kodi ashitakiwe kwenye Baraza la Nyumba. Ushauri huo ulikuwa sahihi kwa wakati wake. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba iliweka mabaraza ya kusikiliza mashauri ya namna hiyo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi imekuwa ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na uhusiano wao huongozwa na mkataba waliofunga pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo ilianza kutumika mwaka 2001. Kwa hiyo kinga ya mpangaji wa leo ni mapatano yake mwenyewe, na inampasa ayafanye kwa makini.

NYUMBA ZA SERIKALI NA MASHIRIKA

Watumishi wengi huuliza kuhusu nyumba za Serikali. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962 na kuunganishwa na Msajili wa Majumba mwaka 1990, hupangisha nyumba na fleti mijini. Wakala wa Majengo Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2002, husimamia nyumba za Serikali zikiwemo za kuishi watumishi. Mtumishi anashauriwa apeleke maombi yake katika ofisi hizo mapema, tena kwa maandishi. Hata hivyo asiahirishe kutafuta chumba kwa kutegemea maombi hayo, kwa sababu nyumba ni chache kuliko waombaji. Mtumishi anayehamishwa na mwajiri wake akumbuke pia kudai stahili zake za uhamisho kabla ya kuondoka, maana fedha hizo zimekusudiwa mahitaji ya namna hii.

HESABU YA SIKU YA KUINGIA

Wenye nyumba wengi mijini hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine ya mwaka mzima. Dalali naye kwa desturi hupokea kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni shilingi 360,000. Ukiongeza 60,000 za dalali, jumla ni shilingi 420,000, na hapo bado godoro, ndoo na jiko havijanunuliwa. Kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ni wazi kwamba chumba kinachoitwa cha bei nafuu kinaweza kumeza karibu mshahara wote wa mwezi mmoja wa mtumishi wa ngazi hiyo.

Kutokana na hesabu hiyo, jambo la kwanza la kujadiliana na mwenye nyumba ni idadi ya miezi, kabla ya kiasi cha kodi. Mwenye nyumba anayekataa kupunguza hata shilingi 5,000 katika kodi huenda akakubali kulipwa miezi mitatu mitatu, hasa akioneshwa barua ya ajira. Kwa chumba kile kile, malipo ya kuingia yatashuka kutoka shilingi 420,000 hadi 240,000.

HESABU YA KILA SIKU

Chumba cha mbali huwa na kodi ndogo, lakini nauli hulipwa kila siku. Tuseme mfanyakazi amepata chumba cha shilingi 60,000 mahali ambapo atapanda daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi, kila moja shilingi 600. Kwa siku 26 za kazi atatumia nauli ya shilingi 62,400, na gharama yake kwa mwezi itakuwa shilingi 122,400. Mwenzake amepata chumba cha shilingi 85,000 mahali anapopanda daladala moja tu kwenda na moja kurudi. Nauli yake ni shilingi 31,200, na jumla yake ni shilingi 116,200. Chumba kilichoonekana ghali ndicho rahisi, tena mwenyewe anapumzika saa nyingi zaidi. Kila mmoja apige hesabu hii kwa nauli halisi ya njia yake kabla ya kuamua.

Maji na umeme pia viulizwe mapema. Je, maji ya bomba yanatoka, au yananunuliwa kwa ndoo? Je, mita ya umeme ni ya chumba, au wapangaji wote wanachangia LUKU moja? Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati inaweza kuwa na mita moja tu, na ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo. Ifahamike vilevile kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme apatane naye mapema jinsi fedha hizo zitakavyorudishwa au kupunguzwa katika kodi ya chumba.

NAMNA YA KUTAFUTA

Ni vyema mgeni afikie kwa ndugu au jamaa kwa mwezi wa kwanza. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi mgeni huyo achangie chakula na maji tangu mwanzo, ili apate nafasi ya kutafuta bila kusukumwa. Watu wa kwetu ni wengi Mbagala, Tandika na Temeke, nao ndio wanaojua nyumba ipi imebaki wazi na mwenye nyumba yupi ni muungwana. Chumba kilichopatikana kwa kuulizia msikitini, kanisani, sokoni au kazini mara nyingi hakina gharama ya dalali.

Kabla ya kuondoka nyumbani, msafiri achukue barua ya utambulisho kutoka kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Akifika, aiwasilishe pamoja na kitambulisho chake kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Barua hiyo humfanya afahamike mahali alipo, na humpatia shahidi siku atakapomhitaji.

Chumba kikaguliwe mchana, na ikiwezekana kikaguliwe tena mvua ikinyesha. Kodi ndogo sana bondeni ina sababu yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu Dar es Salaam, na wakazi wa Bonde la Msimbazi waliopoteza makazi walihamishiwa Mabwepande. Mkaguzi aangalie alama za maji ukutani, hali ya choo, komeo la mlango na njia ya kupita usiku. Azungumze pia na wapangaji waliomo. Watamweleza katika dakika kumi mambo ambayo dalali hatayataja.

MALIPO NA MKATABA

Utapeli wa kawaida ni wa mtu kupangisha chumba kisicho chake, au kupokea fedha za watu watatu kwa chumba kimoja. Dawa yake ni kutolipa chochote, hata kama fedha hiyo inaitwa ya kushikilia chumba, kabla ya kuonana na mwenye nyumba ana kwa ana na kuthibitisha kwa Mwenyekiti wa Mtaa kwamba nyumba ni yake. Anayeharakishwa kwa maneno kwamba wapo wengine wanaokitaka chumba, na afahamu kwamba haraka hiyo ndiyo inayotumiwa kumnasa.

Sheria inaukubali upangaji wa muda mfupi hata ukiwa wa mdomo, lakini maneno ya mdomo ni magumu kuyathibitisha. Mkataba uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, na utaje mambo yafuatayo:

1. Majina ya pande zote mbili, na mahali nyumba ilipo.
2. Kiasi cha kodi, miezi iliyolipwa, na tarehe ya kuanza na kumalizika.
3. Nani analipia maji, umeme, taka na matengenezo.
4. Muda wa notisi kwa upande unaotaka kuvunja mkataba.
5. Sahihi za pande zote na za shahidi, ikiwezekana kiongozi wa mtaa.

Kila malipo yapewe stakabadhi. Malipo ya simu yana faida kwamba huacha kumbukumbu, lakini ujumbe wa simu hautaji miezi iliyolipiwa. Kwa hiyo stakabadhi iandikwe hata hivyo. Mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi peke yake katikati ya muda uliokwisha kulipiwa, endapo mkataba haukumpa ruhusa hiyo.

IKITOKEA MGOGORO

Mpangaji asigombane wala asitoroke. Apeleke shauri kwanza kwa Mwenyekiti wa Mtaa, na likishindikana, kwa Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi ya Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi ni kupatanisha, wala halitoi hukumu. Likishindwa kupatanisha, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika ngazi zote hizo swali la kwanza litakuwa lile lile: mkataba uko wapi, na stakabadhi ziko wapi?

Wazazi na walezi wa Kiswere na pwani yote wanaombwa wasimpe kijana fedha za chumba peke yake. Wampe pia hesabu hizi, barua ya kijiji, na jina la ndugu wa kumpokea. Kijana aliyelipa miezi mitatu kwa mwenye nyumba anayemfahamu, na stakabadhi ikiwa mkononi, ataufikia mshahara wa kwanza akiwa na mahali pa kulala na akiba kidogo ya kutuma nyumbani.