Nuhu wa Sinema na Nuhu wa Vitabu

Mwenyeji wa Masanze hahitaji sinema ili aijue gharika. Kati ya Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika wilayani Kilosa, ukabomoa nyumba na reli, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema.

Basi ukiitazama pamoja na wanao sinema ya Noah, iliyotolewa mwaka 2014, watangulizie kisa chenyewe. Katika Biblia, wana watatu wa Nuhu waliingia safinani na wake zao. Katika Kurani, mwana mmoja alikataa kupanda, akazama. Mwongozaji Darren Aronofsky ameongeza yake: Nuhu anakusudia kuwaua wajukuu wake wachanga, jambo lisilomo katika vitabu hivyo. Falme za Kiarabu, Qatar na Bahrain ziliipiga marufuku, kwani Waislamu wengi hawakubali mtume aigizwe.

Lakini kuna mahali sinema hiyo yagusa kweli: waliomo safinani wanasikia vilio vya wanaozama. Mwanao akiuliza kwa nini mlango haukufunguliwa, usimnyamazishe. Aliyepokewa na jirani usiku wa mafuriko aijua thamani ya swali hilo.