Tangazo la Nyumba Isiyokuwapo

Picha zilikuwa nne. Ya kwanza ilionesha geti jeusi na ukuta wa rangi ya maziwa. Ya pili, sebule yenye vigae vinavyong'aa. Ya tatu, jiko. Ya nne, ua wenye mwarobaini na kamba ya kuanikia nguo. Maelezo yake yalikuwa mafupi: nyumba nzima ya vyumba viwili, Ilazo, maji yapo, LUKU ya peke yako, shilingi 150,000 kwa mwezi, hakuna dalali. Dada mmoja, muuguzi aliyepata uhamisho kutoka Kondoa kuja Dodoma mjini, aliliona tangazo hilo usiku, baada ya kuwalaza watoto. Kufikia adhuhuri ya siku ya pili alikuwa ametuma shilingi 380,000. Nyumba ile haikuwa ya kupangishwa. Pengine ipo mahali, ina wenyewe, na wenyewe hawajui kwamba picha za ua wao zinazungushwa simu kwa simu.

Ameturuhusu kuyasimulia yaliyomkuta kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Tumelikubali sharti hilo, ingawa katika kisa chote hiki yeye ndiye asiyestahiki kuona haya.

Mji wa Dodoma umekuwa shamba zuri kwa wezi wa aina hii kwa sababu inayoeleweka. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ya nchi ni wa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi ulibaki zaidi kwenye karatasi. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali sasa inahamia. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Wizara zikajengewa majengo yake Mtumba. Kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa kimekwisha anzishwa mwaka 2007, na kila mwaka huleta vijana wasioujua mji. Kwa hiyo wakati wowote kuna mtu aliye Tabora, Tanga au Kondoa ambaye tarehe ya kuripoti inamkimbiza, hana ndugu Dodoma wa kumtembelea mitaa, na dirisha lake pekee la kuutazama mji ni kioo cha simu. Mwizi humsubiri kwenye dirisha hilo.

Yule dada alipopiga namba iliyokuwa kwenye tangazo, alipokewa na sauti ya upole. Mtu yule alianza kwa salamu kamili ya Kiislamu, akajibu kila swali bila kukereka, akasema yuko Mwanza kikazi na ufunguo ameuacha kwa mlinzi. Kisha akaongeza, kana kwamba anamhurumia, kuwa wapo wengine watatu wanaoitaka nyumba na mmoja wao yuko njiani. Lakini kwa kuwa amemsikia ni mama mwenye watoto, angependa aipate yeye. Atume kodi ya miezi miwili ya kuishikilia. Akifika na asiipende, atarudishiwa. Alipotuma, jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mwanamke. Akauliza. Akaambiwa ni la mke wa mwenye nyumba. Asubuhi akatakiwa shilingi 80,000 nyingine za kulipa deni la umeme lililobaki kwenye mita. Alituma na hizo. Aliposhuka kwenye basi Dodoma, namba ilikuwa imezimwa.

Tuyatazame yale maneno ya wale wapangaji watatu. Mtume (s.a.w.) alikataza najashi, nayo ni mtu kuongeza bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua, ili mnunuzi wa kweli aingiwe na pupa. Wapangaji wa kubuni ni ndugu wa najashi hiyo: hawapandishi bei, wanafupisha muda. Mtu aliyepewa saa moja ya kuamua hana nafasi ya kumpigia mjomba simu, wala ya kusubiri Jumamosi aende mwenyewe. Katika matangazo yote ya uongo niliyooneshwa wakati wa kuandika makala haya, hapakuwa na hata moja lisilokuwa na haraka ndani yake.

Jambo la pili ni la kifiqhi zaidi, nalo linawagusa hata wale wasioibiwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni ya muda maalumu na kuweka mashahidi. Humo imetolewa ruhusa ya kutoandika pale ambapo biashara ni ya papo kwa papo, bidhaa na thamani yake zikipokezanwa mkono kwa mkono. Wengi wetu tunajifariji kwa ruhusa hiyo tunaponunua kwa simu, tukidhani kwamba kwa kuwa fedha inafika kwa sekunde basi biashara ni ya papo hapo. Si hivyo. Katika biashara ile kilichofika papo hapo ni kimoja tu, nacho ni fedha yako. Nyumba iko mbali, mwenye nyumba yuko mbali, shahidi hayupo. Hiyo ni ahadi ya baadaye, na ahadi ya baadaye ndiyo iliyotakiwa iandikwe.

Watu wa huku nyanda za kati hawahitaji kufundishwa tahadhari hii wanapokuwa mnadani. Nenda mnada wa Msalato siku ya Jumamosi: hakuna anayetoa fedha kwa mbuzi ambaye hajamfungua mdomo kuona meno yake na kumpapasa mgongo. Mzee yule yule aliyemzungusha mwenye mbuzi nusu saa kwa ajili ya kipande cha meno, jioni akiwa nyumbani atatuma laki mbili kwa mtu asiyemjua kwa ajili ya pikipiki aliyoiona kwenye picha. Simu imemvua ujuzi wake wote wa mnadani, na sidhani kuwa ni kwa ujinga. Mnadani mtu hana haya kusema sijaridhika. Kwenye simu, mbele ya sauti yenye adabu, tunaona kuuliza sana ni kumvunjia mwenzetu heshima.

Wauzaji nao hawakusalimika. Kibaigwa, kwenye soko kubwa la nafaka, na kwa wakulima wa alizeti wa Kongwa na Mpwapwa, wizi huja kwa upande wa pili. Mnunuzi anapiga simu, anakubali bei bila kubishana sana, na baada ya dakika chache unaingia ujumbe kwamba umepokea kiasi fulani. Ujumbe umeandikwa kama ule wa kampuni ya simu, kiasi ni sahihi, hata kumbukumbu namba ipo. Kumbe umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Gari lililokuja kuchukua magunia lina dereva aliyekodiwa tu, asiyejua lolote. Dawa yake ni nyepesi: ujumbe si fedha. Muuzaji afungue menyu ya akaunti yake, atazame salio, ndipo gunia lipande gari. Na anayekupigia akilia kwamba amekosea namba, umrudishie, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige kwa kampuni yake ya simu, nayo ina utaratibu wa kuurudisha muamala.

Tukirudi kwenye nyumba, mtu wa kuulizwa kwanza Dodoma ni mwenyekiti wa mtaa. Ilazo, Nkuhungu, Nzuguni, Iyumbu, kila mtaa unaye, na mara nyingi yeye au mjumbe wake anajua nyumba ni ya nani. Anayesema ni mwenye nyumba na akakasirika unapomtaja mwenyekiti, amekwisha kujibu swali lako. Waislamu tuna njia nyingine tunayoisahau: kila mtaa una msikiti, na msikiti una imamu, muadhini, na wazee wanaokaa barazani baada ya Alasiri. Mgeni aliye Tabora akipata namba ya mmoja wao kupitia imamu wa kwao, amepata macho Dodoma. Kumtembelea mtu nyumba kwa niaba ya ndugu mgeni ni kazi ya nusu saa. Mkataba uandikwe, ushuhudiwe kwenye ofisi ya mtaa, na fedha itolewe baada ya mlango kufunguliwa kwa ufunguo.

Kuhusu jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala: lile ndilo shahidi wako wa mwisho. Lisipofanana na jina la unayezungumza naye, simama hapo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 umesaidia, lakini zipo laini zilizosajiliwa kwa kidole cha mtu asiye na habari, aghalabu bibi au babu aliyeambiwa aguse tena mashine kwa kuwa mara ya kwanza haikusoma. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha uwafanyie hivyo wazazi wako.

Fedha ikishatoka, dakika zina thamani. Piga 100 kwa mtandao wako hapo hapo, uombe fedha izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala. Utume namba ya tapeli na ujumbe wake kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Uende polisi upewe RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua wizi huu kuwa jinai. Usifute mazungumzo kwa hasira.

Yule dada hakufanya hata moja kati ya hayo, na hapa ndipo penye uzito wa kisa chake. Kwa siku kumi na tisa hakumwambia mtu. Fedha ile ilikuwa ni akiba ya nyumba yao, mume akiwa bado Kondoa anamalizia kazi ya useremala, na kila jioni alipopiga kuuliza nyumba ikoje, alijibiwa kuwa ni nzuri. Ili apate chumba cha kujisitiri alikopa kupitia programu ya mikopo ya simu, yeye ambaye hakuwahi kugusa riba maishani mwake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Yeye hakuwahi kuisikia. Mkopo ulipochelewa, programu ilifungua orodha ya majina kwenye simu yake, na shemeji yake aliyeko Babati akapokea ujumbe unaomwita mdaiwa sugu. Hivyo ndivyo mume alivyopata habari.

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile ile. Alisema, "Nilijua ataniuliza, hukuwa na akili?" Mume, aliyekuwa ameketi hapo, alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba kweli angeuliza hivyo. Swali hilo ndilo linalotamkwa katika nyumba zetu nyingi, na kila linapotamkwa, mwizi anapata siku nyingine za kufanya kazi kwa utulivu. Mtoto aliyemsikia baba akimkaripia mama kwa sababu hiyo hatamwambia baba atakapoombwa ada ya kazi isiyokuwapo.

Sasa wanaishi pamoja Nkuhungu, vyumba viwili, kodi wameilipa mbele ya mjumbe. Mwezi uliopita zile picha nne zilitokea tena kwenye kundi la WhatsApp: geti jeusi, vigae, jiko, mwarobaini. Bei ilikuwa imeshuka hadi 130,000, na namba ilikuwa nyingine. Safari hii aliichukua simu yake hadi kwenye darsa la akina mama, akaomba dakika tano baada ya somo, akaipitisha mkono kwa mkono. Mama mmoja wa safu ya nyuma aliishika muda mrefu kuliko wenzake. Alikuwa ametuma fedha siku mbili kabla, na alikuwa hajamwambia mtu.