Vifuko vya Mchanga Miguuni: Je, Vinaongeza Kasi?

Katika kipindi hiki cha maandalizi ya UMISSETA, vijana wetu wengi huonekana viwanjani baada ya sala ya Alasiri wakikimbia mbio fupi huku wamefunga vifuko vya mchanga vifundoni. Wengine wamevishona wenyewe kwa vipande vya turubai. Wengine wamenunua vya dukani, vyenye chuma ndani. Wazazi kadhaa wameifikia kamati yetu kuuliza kama jambo hili lina faida au linawaumiza watoto. Swali lao ni la haki. Tulilolibaini ni kwamba mzigo unaweza kumfaa mkimbiaji, ila vijana wetu wengi wameufunga mahali pasipofaa, na ni mzito kupita kiasi.

Wazo lenyewe ni la kale. Wagiriki, tangu mwaka 520 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), walikuwa na mbio za Olimpiki ambazo washindani walikimbia wamevaa kofia za chuma na kubeba ngao. Lakini wale walikuwa wakijiandaa kwa vita, na vitani wangekimbia na ngao zile zile. Kijana wa mita 100 hukimbia mashindano yake bila mzigo wowote.

Ferdinand Omanyala wa Kenya alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi, Septemba 2021, kasi ile ilitokana na kuisukuma ardhi kwa nguvu nyingi katika muda mfupi mno. Mkimbiaji wa daraja hilo, akifikia kasi yake ya juu, unyayo wake hukaa chini takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha huondoka. Mzigo mdogo ulioshikamana na kiwiliwili huilazimisha misuli isukume zaidi, na hiyo ndiyo faida yake. Ukizidi, unyayo hukawia ardhini, hatua hufupika, na mwili huzoea kukimbia polepole. (Wasomaji wataikumbuka riwaya iliyomo katika Sunan Abi Daud, ya Mtume (S.A.W.) kushindana mbio na Bibi Aisha (R.A.): mara ya kwanza Bibi Aisha alitangulia, baadaye, mwili wake ulipoongezeka, Mtume akamtangulia yeye.)

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni mahali pa kufunga. Shika jembe karibu na chuma chake ulipunge, kisha lishike mwisho wa mpini ulipunge tena. Jembe ni lile lile, lakini mkono utakuambia tofauti. Mguu nao huzunguka kutoka nyonga: uzito ukisogezwa mbali na nyonga mara mbili, ugumu wa kuuzungusha huwa mara nne. Kifundo ndicho kilicho mbali kuliko paja na goti. Kwa hiyo kifuko cha kilo moja pale huivuruga hatua yenyewe, na misuli ya nyuma ya paja, ambayo kazi yake ni kuuzuia mguu unaporushwa mbele, hubebeshwa mzigo isiouzoea. Hapo ndipo misuli hiyo huchanika.

Vijana hutujibu kwamba wakivua vifuko hujihisi wepesi. Hata aliyetua ndoo ya maji kichwani hujihisi mwepesi, wala hajawa mwanariadha. Hilo lipimwe kwa saa. Saa ya simu inatosha, mradi mpimaji awe mmoja na apime mara tatu.

Aliyekwisha kukomaa na mwenye mwalimu wa kumwangalia atumie kizibao chenye uzito, kinachobana vizuri kisirukeruke. Kwa kijana wa kilo 60, kilo 3 zinatosha kuanzia. Akitaka kufunga mguuni, zisizidi gramu 300 kila mguu, na ziwe pajani. Akimbie mita 10 hadi 30, mara chache, apumzike vya kutosha, kisha avue na akimbie bila mzigo siku hiyo hiyo. Makocha wengi wana kipimo chepesi: mzigo ukipunguza kasi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, upunguzwe. Anayekimbia mita 20 kwa sekunde 3.2, akifika 3.6 akiwa na kizibao, amebeba mno.

Watoto wa UMITASHUMTA tunaomba waachwe kabisa na vifuko. Mifupa yao bado inarefuka, na ncha zake zina sehemu laini za ukuaji. Kuruka kamba, kupanda kilima kifupi mbio na kucheza foliti kunawatosha. Mtoto anayelalamika maumivu chini ya goti apumzishwe na apelekwe kwa daktari, asiambiwe kwamba ni uvivu.

Jumamosi hii baada ya Alasiri, mwalimu wa michezo atakuwepo uwanja wa madrasa na mizani ya duka. Kila kijana aje na kifuko chake kipimwe, na mzazi mmoja aongozane naye. Mabinti watapimiwa asubuhi, saa tatu, chini ya usimamizi wa ustadhati.