Mega Zinaisha Mbio: Bei ya Intaneti Inatoka Wapi, Gitega na Muyinga?



Zamani hesabu ya nyumba ilikuwa fupi: unga, mafuta, sabuni, makaa, na kitu kidogo cha shule. Leo kuna mstari mwingine ambao wengi wanaona haya kuutaja, nao ni mega. Baba anakata pesa ya sabuni ili aongee na mdogo wake aliyebaki Uvira. Mama anataka kuona uso wa mtoto aliyepelekwa Marekani, asikie tu kama anakula vizuri. HCR yenyewe, katika ripoti yake ya mwaka 2016, iliandika kwamba mara nyingi wakimbizi wanatumia hata theluthi ya pesa inayobaki mkononi ili wasikatike na wenzao. Kwa hiyo hatukuja hapa kugombeza mtu kwamba anachezea pesa kwa simu. Tunataka mjue pesa hiyo inakwenda wapi, kwa sababu kila mwezi tunaulizwa: kwa nini huku Muyinga forfe inaisha kabla ya jua kuzama, na Gitega kuna watu wanalipa mara moja kwa mwezi wanaangalia mpira mpaka usiku wa manane?

Waya unapita mlangoni kwetu

Wengi wanafikiri intaneti inatoka angani. Zamani ilikuwa kweli. Burundi haina bahari, na kabla ya mwaka 2009 pwani yote ya Afrika ya Mashariki haikuwa na waya hata mmoja wa chini ya bahari wa kuleta intaneti. Kila kitu kilipitia satelaiti, na bei yake ilikuwa ya ofisi na mashirika, siyo ya watu kama sisi. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ukafika Dar es Salaam na Mombasa, TEAMS ukafika Mombasa mwaka huo huo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha mwanga.

Lakini kufika Dar es Salaam siyo kufika Gitega. Tanzania ilijenga mkongo wake wa taifa mpaka kwenye mipaka, na kwa upande wa Burundi unafika sehemu mbili: Manyovu, kule Kigoma, na Kabanga, kule Ngara. Kabanga ni wapi? Ni ng'ambo tu ya Kobero! Yaani moja ya milango ambayo intaneti inaingilia Burundi iko hapa hapa Muyinga, mkoa ambao tangu mwaka 2025 umeingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza. Ndani ya nchi, kampuni za simu ziliungana zikaunda Burundi Backbone System, wenyewe wanaiita BBS. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, kufika mwaka 2014 walikuwa wamelaza zaidi ya kilomita 1,200 za nyuzi hizo kutoka mkoa hadi mkoa.

Sasa mtu wa kambi ya Kinama, hapa Gasorwe, atauliza: kama waya unapita karibu nasi, kwa nini hatupati bei nzuri kuliko wa Gitega? Jibu linauma kidogo. Waya unapita, haukusimama. Ni kama bomba la maji linalovuka shamba lako kwenda mjini. Bila mtu kufunga robine, utalisikia tu likivuma. Ili uingie nyumbani kwako, kampuni inapaswa kuuchepusha, kuuvuta avenyu kwa avenyu, kuweka kisanduku ukutani, na kumlipa fundi atakayekuja ukikatika. Gharama hiyo inagawanywa kwa wateja walio kwenye avenyu ile. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, ina ofisi, mahoteli, shule kubwa, na watu wenye mshahara. Kwenye kilima chenye nyumba kumi zenye uwezo, hesabu haitoki. Kwa hiyo huku kwetu wamebakiza njia nyepesi: mnara mmoja unahudumia maelfu ya simu, na kila mtu ananunua kidogo kidogo.

Kampuni ni nyingi, lakini kwako zipo ngapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Burundi, nchi ndogo hivi, ilikuwa na kampuni za simu tano au zaidi. Walipigania wateja sana. Mwaka 2014 Econet ikainunua Leo, ndiyo maana mpaka leo tunasema Econet Leo. Mwaka uliofuata, 2015, ikaingia Lumitel, ya Viettel kutoka Vietnam, na minara yake ikapanda mpaka vijijini. Onatel, ya serikali, iko bado. Kampuni kadhaa za wakati ule zimezimika. Mwaka 2024 Starlink nayo ikafungua Burundi, na hapo intaneti ikarudi tena angani! Sahani yake haihitaji waya wa Kobero wala mnara, ila mtambo wenyewe unagharimu mamia ya dola, na unataka umeme au sola ya nguvu. Kwa familia moja ya kambini ni ndoto. Kwa shule, dispansari au ushirika wa watu wengi siyo ndoto sana.

Watu husema kampuni zikishindana bei inashuka. Ni kweli, lakini mashindano hayako kwenye karatasi ya Bujumbura, yako pale unaposimama. Kama mlangoni kwako ni mtandao mmoja tu unaoshika vizuri, basi kwako kuna kampuni moja, hata kama ARCT, ofisi ya serikali inayosimamia mawasiliano, imezisajili kumi. Huwezi kumkimbia muuzaji ambaye ni yeye peke yake sokoni.

Halafu kuna jambo la dola. Kampuni inanunua intaneti nje kwa dola, mitambo kwa dola, na mafuta ya jenereta za minara yanaingia nchini kwa dola. Sisi tunalipa kwa faranga. Mwezi wa tano 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola moja iliyokuwa karibu faranga 2,100 ikapanda kupita 2,800 kwa bei ya serikali. Bei ya mtaani mnaijua wenyewe. Kwa hali hiyo, hata waya ungeingia kila chumba, bei isingeshuka kama tunavyotamani.

Forfe ya siku ndiyo inayokula nyumba

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa inapovuja.

Tuchukue mfano, siyo bei ya kampuni yoyote. Tuseme forfe ya siku moja ni mega 100 kwa faranga 500. Kila mega imekugharimu faranga 5. Tuseme ya mwezi ni mega 2,000 kwa faranga 6,000. Hapo kila mega ni faranga 3. Mwenye 6,000 mkononi ananunua kwa bei nafuu, asiye nazo ananunua kwa bei ghali, kila siku, mpaka mwezi unaisha ametoa 15,000. Na zile mega 40 zilizobaki saa sita ya usiku? Zimekwenda. Umelipa kitu hukukitumia.

Akina mama wanaocheza likelemba hawahitaji kufundishwa dawa yake. Watu wanne wa nyumba moja au majirani wanaoaminiana wanaweza kuchanga, mmoja akanunua forfe ya mwezi, akawagawia wengine kwa simu yake jioni. Muhimu mpatane mapema ni nani hataangalia video. Bila hiyo, kijana mmoja na filamu moja anaweza kuangusha kikundi chote.

Maana vitu havili sawasawa. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwenye WhatsApp haufiki hata robo ya mega. Kupiga kwa sauti ni karibu nusu mega kwa dakika, hivi kwamba mega 100 zinaweza kukupa masaa matatu ya maongezi. Ukiwasha kamera, inaweza kula mega 5 kwa dakika, na zile zile 100 zinaisha kwa dakika ishirini. Filamu ya picha safi, saa moja, inakula karibu giga nzima. Kwa hiyo msalimie bibi kwa kamera dakika mbili, umwone, akuone, halafu ufunge kamera muongee. Na ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio, zuia picha na video kujishusha zenyewe. Kuna watu wako kwenye magrupu sita ya ukoo na kanisa, kila asubuhi maua, maombi na video za utani zinashuka zenyewe, kisha wanasema kampuni imewaibia.

Wanaofikiria kulipa intaneti ya nyumbani kule Gitega, neno moja. Ukiambiwa "mega 4" kwenye mkataba wa nyumba, mara nyingi hiyo ni mbio ya waya, siyo wingi. Na "bila kikomo" uliza vizuri: ni bila kikomo kweli, au nikifika kiasi fulani mtapunguza mbio mpaka mwisho wa mwezi? Uliza pia pesa ya kufunga, nani mwenye kisanduku, na ukihama inakuwaje. Waandike jibu kwenye karatasi.

Majirani wamefanya nini

Kenya, baada ya wakili mmoja kupeleka kesi, Safaricom ilianza mwezi wa kumi 2019 kuuza mega zisizo na tarehe ya mwisho. Tanzania, tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilitoka, watu wakapiga kelele kweli kweli, na serikali ikazisimamisha. Kanuni za TCRA za mwaka ule zinataka kampuni ikujulishe ukishatumia 75% ya kifurushi na kikimalizika, na ikuruhusu kumhamishia mwenzako kilichobaki. Jamaa zetu wa Nyarugusu wanaweza kudai hivyo kwa mdomo mpana. Na kwetu Kongo msisahau RAM, ile kodi iliyokuwa ikikata yunite kwenye simu kuanzia 2020: ilifutwa mwaka 2022 kwa sababu watu hawakunyamaza.

Hapa Burundi, ukiona yunite zimekatwa bila sababu, andika siku, saa na kiasi, uhifadhi ujumbe, uende kwanza kwa ajenti wa kampuni na kitambulisho chako cha mkimbizi. Ndiyo maana laini iwe kwa jina lako mwenyewe, siyo la mtu aliyekuuzia barabarani. Laini ya jina la mwingine, huna pa kulalamikia.

Mwezi ujao tutaandika juu ya Lumicash na EcoCash: makato ya kutuma pesa, na namna matapeli wanavyoomba namba ya siri. Wenye maswali wayaandike kwa karatasi, wayaache kwa mkuu wa kartiye yao.