Sahani ya Kufukuzia Ndege

Mmeniuliza, wajukuu zangu, ile sahani inayometameta pale kwenye mpunga ni ya nini. Ya kufukuzia kwelea, ndiyo. Upepo ukiizungusha inarusha mwanga huku na huku, ndege wanashtuka. Lakini haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kabla ya kupigana na ndege ilikuwa na kazi ya heshima: ilitunza madeni ya duka zima la saruji na mabati. Kaeni basi. Paukwa!

Hata kuitikia pakawa hamjui. Haya, tuendelee hivyo hivyo.

Mwaka 2009 nilikuwa fundi wa kompyuta Tanga, nina kibanda chenye feni moja na meza mbili. Asubuhi moja, mwisho wa Julai, akaingia mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kila mtu mtaani akimwita Bi Mkubwa. Nyuma yake alikuwa karani wake, binti aliyevimba macho kwa kulia. Nikamwamkia Bi Mkubwa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa mbali, akaweka mezani kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na CD tatu.

Usiku wa kuamkia asubuhi hiyo umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, kompyuta ya dukani ikaungua pamoja na diski yake. Nani alichukua mifuko mingapi ya saruji, nani amelipa nusu, nani ameahidi kumaliza baada ya mavuno, yote yalikuwa mle. Wanaojenga kwetu hununua kwa mkopo. Ukuta hupanda kozi kwa kozi kadiri pesa inavyopatikana. Daftari la madeni likipotea, duka limekufa huku milango iko wazi.

Karani alikuwa mwangalifu kuliko wengi. Kila mwisho wa mwezi alichoma CD moja ya akiba, na kila CD ilibeba mafaili yote ya tangu duka lilipoanza kutumia kompyuta, kila mwezi faili lake. Za Aprili, Mei na Juni ndizo zilizobaki. Ila hakuwahi hata siku moja kuirudisha CD kwenye mashine kuona kama inafunguka.

Nikazipanga mezani. Ya Juni ilikuwa safi kama kioo cha bibi harusi. Ya Mei ilikuwa na mikwaruzo upande unaong'aa, ilishasuguliwa juu ya meza yenye mchanga. Ya Aprili ilitisha. Mtu aliibandika karatasi ya jina, kisha akaibandua, na karatasi ikaondoka na utando wa fedha. Ukiiinua kwenye mwanga, ukingoni kulikuwa na pengo ambalo ungeweza kumwona mtu kupitia hapo.

Mngeanza na ipi? Mimi pia nilianza na ya Juni. Mashine ikaunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma tena, ikasema hakuna kitu humu.

Hapa lazima niwaeleze CD imeumbwaje, la sivyo mtadhani nawasimulia uchawi. Upana wake ni sentimita 12, unene milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki tupu. Maandishi yenyewe yako juu kabisa, upande wa jina, yamefunikwa na utando wa fedha na vanishi nyembamba. Mwanga wa leza hutoka chini, ukapenya plastiki yote, ukasoma, ukarudi. Maana yake upande unaong'aa, ule tunaoushika kwa uangalifu kama yai, ndio wenye ngao nene. Upande wa jina, tunaouandika kwa kalamu ya wino na kuukandamiza, ndio ulio uchi. Watu wazima wengi hawalijui hilo. Waambieni.

CD za muziki za kiwandani zina vishimo vidogo vilivyogandamizwa kwenye plastiki. Za kuchoma wenyewe hazina vishimo hivyo. Zina tabaka la rangi, na leza huiunguza alama moja moja. Alama hujipanga kwenye mstari mmoja unaozunguka, kama ukili unavyoshonwa kuwa kawa, kuanzia katikati kwenda nje. Ukiukunjua mstari wa CD iliyojaa unapita kilomita 5.

Sasa, rangi ni rangi. Kanga ikianikwa juani kila siku hupauka. Nikamuuliza karani hii ya Juni aliiweka wapi. Akainama: dirishani, karibu na meza yake, bila kasha, kwa sababu ilikuwa mpya na alitaka iwe karibu. Wiki nne za jua la Tanga. Mikwaruzo haikuwapo kwa sababu hakuna aliyeigusa, wala maandishi hayakuwapo kwa sababu jua liliyala.

Nikachukua ya Aprili nikiwa sina matumaini. Ikafunguka mara moja! Faili baada ya faili, kana kwamba haina pengo lolote. Bi Mkubwa akanitazama kama nimemficha kitu. Nikaigeuza, nikamwonyesha: karibu na katikati kulikuwa na ukanda mwembamba wenye rangi tofauti kidogo na sehemu nyingine. Hapo ndipo penye maandishi. CD hubeba megabaiti 700, na mafaili yote ya duka hayakufika 100. Kwa kuwa kuandika huanzia ndani, karatasi ile ilibandua kiwanja kisichojengwa.

Ikabaki ya Mei, na hiyo ilinikeshesha.

Niwape kitendawili kwanza. Nina vikapu vitatu vya maembe, na pembeni nimeandika jumla, 16. Kikapu cha kwanza kina 7, cha pili kimeibiwa, cha tatu kina 4. Cha pili kilikuwa na mangapi? Ndiyo, 5. Mmekipata kilichopotea kwa sababu nilitangulia kuandika kitu cha ziada. Mwaka 1960 Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, walitunga hesabu ya namna hii, yao ikiwa na nguvu zaidi, inayoweza kuziba mapengo kadhaa kwa pamoja. Hesabu hiyo imo ndani ya kila CD. Imo pia kwenye ile miraba ya QR mnayoiona madukani ya kulipia kwa simu. Ndiyo maana kona yake ikichafuka kidogo simu bado inasoma.

Waliotengeneza CD wakaongeza ujanja mwingine. Watu wa nyumba moja hawapandi wote mtumbwi mmoja. Baiti zinazofuatana hazikuwekwa pamoja, zilitawanywa mbali mbali kwenye mstari, ili mkwaruzo ukipita uchukue kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, na hesabu iwarudishe wote. Ndiyo sababu tunafuta CD kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaokatiza hugusa kila mzunguko mara moja na kuuacha. Unaofuata mstari hula baiti kwa mfululizo mpaka hesabu inashindwa.

CD ya mafaili ina akiba zaidi ya ile ya muziki. Imegawanywa vyumba vya baiti 2,352, na katika kila chumba mzigo wenu ni 2,048 tu. Baiti 276 kazi yake ni moja, kukarabati. Nyingine ni anwani na alama za kuhakiki.

Nikaiosha ya Mei kwa maji na sabuni kidogo, nikaikausha kwa kitambaa laini. Mkwaruzo mmoja mrefu nikausugua taratibu kwa dawa ya meno. (Msijaribu hilo upande wa jina, mtabaki na plastiki.) Kisha sikunakili faili kwa faili, maana kompyuta ikikutana na chumba kimoja kibovu hulitupa faili zima. Nilitumia programu iitwayo ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz na kutolewa bure. Inafanya kama mtoto mwenye akili chini ya mwembe: inachuma kwanza ya chini, inaruka penye ugumu, inaandika ramani ya palipobaki, halafu inarudi. Nikapunguza mwendo wa mashine. Alfajiri ramani ilionyesha vyumba 41 vimegoma. Nikahamisha CD kwenye mashine nyingine, maana jicho la leza moja huona ambacho jingine halioni, nikaiambia programu iendelee na ramani ile ile. Adhuhuri vilibaki 2.

Cha kwanza kilikuwa ndani ya faili la Februari. Hilo nililichukua zima kutoka CD ya Aprili. Cha pili kilikuwa katikati ya madeni ya Mei. Bahati yetu, karani alihifadhi orodha yake kama maandishi ya kawaida, hakuyabana, la sivyo pengo dogo lingeweza kuharibu yote yanayolifuata. Tulikosa herufi 2,048, kama mistari 30, majina yote yakiwa ya herufi M.

Nikaogopa kumwambia Bi Mkubwa. Akavaa miwani, akasoma jina la juu ya pengo na la chini yake, akacheka mpaka karani naye akacheka.

"Hao ni shemeji zangu," akasema. "Hata wasingeandikwa nawajua, na wao wananijua."

Madeni ya Juni na Julai hayakutoka kwenye CD yoyote. Karani aliyakusanya kutoka vishina vya vitabu vya risiti, siku sita, kalamu masikioni. Siku ya kunilipa, Bi Mkubwa aliongeza juu ya pesa ile CD ya Juni, akasema ni bakshishi.

Ndiyo hiyo. Mkienda pale kwenye mpunga igeuzeni mtafute ule ukanda wa rangi niliowaambia. Hamtauona, jua lilimaliza kazi zamani. Na msimu huu nadhani hata kwelea wameshaizoea. Jana nilimwona mmoja ametua juu ya kamba yake.