Kabla Hujalipa Kodi, Uliza Deni la Maji

Mwaka jana mimi na mwenzangu wa darasa tulipanga kijumba Kahama kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Dalali akachukua chake, mama mwenye nyumba akachukua kodi ya miezi mitatu, bumu likaishia hapo. Siku ya tisa mafundi wa maji wakaja kukata huduma. Ankara ilisomeka shilingi 86,400, na sisi tulikuwa tumetumia ndoo za kuhesabika.

Deni lilikuwa la aliyetutangulia. Majirani walisema ni mchimbaji, alisikia kuna rashi upande wa Geita akaondoka usiku. Huku ukanda wa dhahabu watu hufuata mwamba. Na sisi wanachuo tusijitoe: mitihani ikiisha, ni wangapi tunaaga?

Jambo nililokuwa silijui ni hili: akaunti ya maji inafuata nyumba, na mara nyingi ina jina la mwenye nyumba. Mamlaka haimjui mpangaji. Maji ya Ziwa Victoria yanayopampuliwa kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama unayatumia kwanza, ankara inakuja baadaye. Mtu akihama katikati, deni linabaki kwenye mita likimsubiri atakayefungua bomba.

Umeme wa LUKU unalipa kwanza, kwa hiyo wengi wanadhani hauna deni. Lakini tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo. Kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi, na miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme inajumlishwa. Kijumba chetu kilikaa tupu miezi miwili. Tukanunua umeme wa 5,000, tukapata uniti za 2,000. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, siyo yako. Ukikatwa, hesabu kwamba umemkopesha.

Mwenzangu alitaka tugome. Mimi nilikwenda kwa mama na ankara mkononi.

“Shikamoo mama. Maji yamekatwa.”

“Marahaba mwanangu. Si mlipe tu, ninyi ndio mnaokaa.”

Hakuwa na ubaya, naye alikuwa ameachiwa mzigo. Ila 86,400 kwetu ilikuwa chakula cha wiki kadhaa. Tulimwomba mwenyekiti wa mtaa akae nasi. Mwisho tukaongozana na mama hadi ofisi ya maji, kwa sababu akaunti ni yake na ndiye aliyeweza kuomba kulipa kwa awamu. Tulitoa awamu ya kwanza pamoja na gharama ya kurudishiwa maji, akaandika nyuma ya mkataba kwamba itakatwa kwenye kodi inayofuata, akasaini. Tulikaa siku sita tukinunua maji kwa madumu.

Yote hayo yangezuilika kwa nusu saa. Kabla hujatoa hela, omba ankara ya mwisho ya maji, uone namba ya akaunti na salio. Piga picha mita ikionyesha tarakimu siku unayopokea ufunguo, umtumie mwenye nyumba ili tarehe ibaki kwenye simu zenu wote. Tarakimu hizo ziandikwe kwenye mkataba, na sentensi moja kwamba deni la kabla yake si lako. Dalali atakuharakisha, atasema kuna mtu mwingine anakuja na hela saa kumi. Mwache aje.

Siku ya kuhama tulipiga picha ile mita tena, tukalipa ankara yetu, ndipo tukarudisha ufunguo.