Paka Hajala, Deni Halijalipwa

Kama umewahi kuvuka Petite Barrière na mzigo kichwani, unajua kwamba Kiswahili cha bei hakisumbui. Kinachosumbua ni kitenzi.

Mwaka 2019 mama mmoja wa hapa Gisenyi alimwambia tajiri wake wa Goma, aliyekuwa akimkopesha vitenge, "Sikulipa." Alitaka kusema fedha bado, ataleta Ijumaa. Mwenzake akasikia kwamba amegoma, akamkatia mali. Wiki tatu mama akakaa nyumbani kwa kukosa neno moja: sijalipa.

Mimi nilisoma ukimbizini, Karagwe, Tanzania, nikarudi 1995 nikijua Kiswahili kuliko Kinyarwanda. Siku hizo wengi walikiona lugha ya sokoni tu. Tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi. Kule tulikaririshwa vitenzi ubaoni, nami nikawakaririsha akina mama jioni vivyo hivyo. Wakasinzia. Si ajabu, mtu ameamka saa kumi alfajiri.

Aliyeniokoa ni paka wangu. Aliingia akilia, mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, paka hakula?"

Nikamjibu: "Jana hakula, nilimpa sambaza akazikataa. Leo hajala, kwa sababu sijampa."

Wote wakaamka. Hakula, mambo yamekwisha. Hajala, sahani bado inangojwa. Mmoja akapiga makofi: "Ntirarya!" Kumbe Kinyarwanda chetu kinalo jambo hilo hilo.

Tangu siku ile tulianza kila somo na wanyama wa nyumbani. Mbwa wako amebweka? Hajabweka. Usiku alibweka? Hakubweka, ndiyo maana wezi walibeba kuku. Ugumu uko kwenye "ku": anakula inayo, hajala haina, na ile ya hakula ni nyingine kabisa, ya kukanusha wakati uliopita. Hapo hata mimi hutafuta chaki. Na Goma utasikia "mbwa yangu iko wapi". Tafadhali, usimsahihishe mtu anayekudai.

Mama wa vitenge alivuka tena na sentensi yake: "Sijalipa, nitalipa Ijumaa." Tajiri akamuuliza mbona siku ile alisema vingine. Akamweleza habari za paka. Ijumaa alilipa, akakopeshwa tena, nusu ya mzigo wa zamani.